Bwawa Juu ya Trela

Tangu Jumatatu Bibiana alikuwa akitembea Guangzhou, China, macho juu, akigongana na watu. Mvua za mwezi wa tano zilikuwa zimeushika mji. Barabarani Huanshi Zhonglu alisimama mbele ya kila mgahawa wenye turubai mlangoni na kulikodolea macho. Hili limejaza maji tumbo limening'inia, la jirani yake kavu kabisa, maji yanateleza na kwenda zake. Mvua si ni ileile? Mpishi mmoja alitoka na ufagio akalisukuma turubai lake kwa chini, maji yakamwagika, nusu yake kwenye viatu vya Bibiana. Wala hakusogea. Alimuuliza kwa vidole, leo umesukuma mara ngapi? Mpishi aliingia ndani akamwita mwenzake aje kumwona mama huyu.

Wamcheke tu. Bibiana alikuwa na sababu. Mama huyu wa Moshi alikuwa amenunua vitambaa vya nguo katika soko la Zhongda kwa miaka kumi na mmoja, na biashara hiyo ilikuwa ikimfia mikononi, maana wateja wake siku hizi wanaagiza wenyewe kwa simu. Kilichobaki kumtegemeza ni kazi ya Agripina wa Arusha, anayekodisha trela nane kwa watalii. Kila trela ina chumba kinachotolewa ubavuni kama droo, gari likishaegeshwa. Juu ya chumba hicho hutandazwa turubai la kukinga mvua na majani, na rola yenye springi hulivuta likakaza. Bibiana alimwagizia Agripina maturubai manane Guangzhou. Masika yalipoanza, yote manane yakawa mabwawa. Chumba kikirudishwa, maji yanaingia nacho ndani, na magodoro ya wageni yalilowa chapachapa.

Agripina alipiga simu mara moja tu. "Mpaka Ijumaa uwe umeniambia kwa nini. Ukishindwa, kazi nampa mwingine."

Na Ijumaa ndiyo hii.

Mchana alikwenda kwenye karakana iliyoshona maturubai yale, uchochoroni nyuma ya Zhongda, akiwa na Dullah, kijana wa Kizanzibari anayewatafsiria wafanyabiashara Kichina. Njia nzima Bibiana alikuwa akipanga maneno makali ya kumwambia mwenye karakana, mama mmoja mfupi ambaye kila mtu humwita laoban, yaani bosi.

"Mwambie kitambaa chake ni kibovu," Bibiana alisema hata kabla ya kukunja mwavuli.

Dullah akamwambia, kwa adabu zaidi. Laoban hakubisha. Aliwaongoza uani, kulikokuwa na fremu ya chuma yenye upana wa chumba cha trela, ya kujaribia kazi. Juu yake kulikuwa na turubai la mteja mwingine, kitambaa kilekile, rangi ileile. Mvua ilikuwa inanyesha, na turubai lile lilikuwa limekaza, maji yanachuruzika ukingoni bila kutuama hata tone.

Hasira za Bibiana zikapungua, udadisi ukachukua nafasi yake. Aliomba wafunge turubai moja la kwake, la akiba, lililobaki karakanani. Mafundi wakaizungusha springi mara sita kama kawaida yao, wakaifunga kwa pini, wakalipachika turubai, wakachomoa pini. Rola ikazunguka yenyewe kidogo ikatulia. Dakika tano baadaye katikati palikuwa na dimbwi la kuogea bata.

"Rudieni," alisema Bibiana.

Walirudia. Safari hii alipanda ngazi, mvua ikimpiga kichwani, akakaza macho kwenye rola tu. Pini ilipotoka alihesabu: rola ilizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo ikasimama. Akaomba wafanye vivyo hivyo kwa turubai la yule mteja mwingine. Pini ikatoka, rola haikuzunguka hata mara moja.

Kumbe hiyo mizunguko mitatu springi inaitumia kukusanya kitambaa kilichozidi! Ikishamaliza, nguvu ya kuvuta imebaki nusu, kitambaa kinalegea, mvua inapata pa kukaa. Bibiana alishuka mbiombio, akayatandika maturubai mawili sakafuni, akapima kwa mkono wake. La kwake lilizidi shubiri moja na nusu.

"Muulize nani alimwambia aongeze!"

Laoban akatoa simu yake, akatafuta, akabonyeza. Ulikuwa ujumbe wa sauti aliopelekewa na Dullah wakati wa kuagiza, na sauti ilikuwa ya Bibiana mwenyewe. "Dullah, mwambie aongeze shubiri na nusu. Kitambaa hakikosi kusinyaa, mimi navijua."

Alihisi uso umemwaka. Miaka kumi na mmoja ya vitenge na pamba! Ukishona gauni la mita nne unachukua na ziada, maana likifuliwa litapungua. Turubai la plastiki lisinyae wapi?

"Mwenyewe anasema alidhani wayajua mambo ya kwenu," Dullah alitafsiri kwa sauti ya chini. Kisha akamsogelea. "Dada, sikiliza. Sema springi zilikuwa mbovu. Laoban yuko radhi, Arusha mbali, hapana atakayekuja kumuuliza. Springi mpya zapanda meli, nawe jina lako safi."

Ilimvutia, tusidanganyane. Alishika simu akazunguka ua mara mbili. Meli ni siku arobaini, na siku hizo zote wageni wa Agripina watalala kwenye magodoro maji, wakati dawa ni mkasi tu. Ilikuwa saa kumi jioni, Arusha ni saa tano asubuhi. Akapiga.

"Kosa ni langu," alisema, hata salamu akaisahau. "Niliongeza shubiri moja na nusu nikidhani kitambaa kitasinyaa. Springi inachoka kukivuta. Fundi wako akate ziada hiyo, aizungushe springi upya mara sita. Karakana haina kosa."

"Fundi wangu Nikodemu alikata moja tangu wiki iliyopita," alisema Agripina. "Mvua imepiga siku nne, kitanda kikavu."

"Sasa mbona hukuniambia?" Bibiana alihamaki. "Sijalala wiki nzima!"

"Nilikuwa nasubiri nione utamtupia nani lawama."

Bibiana alikasirika na kufarijika kwa pamoja. Dullah, aliyekuwa amesikia yote, akajishughulisha na kukunja mwavuli uliokwisha kukunjwa.

"Haya," Agripina aliendelea, sauti imelainika, "yale saba yaliyobaki Nikodemu anayakata leo. Sasa chukua kalamu, dada yangu. Nina hema la kulia chakula, nalo linatuamisha maji kwenye kona moja tu, kila siku ileile. Unadhani ni kwa nini?"