Kutwa Nzima Angani

Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa ajili ya cherehani yake na kwa ajili ya ulimi wake. Lakini mdomo wote ule, kwa mwanawe wa pekee, ulikuwa laini kama unga. Kijana alikuwa amehamia mji wa kisiwa cha pili, na akisema jambo, limekwisha. Alisema ndege ni safari ya kutwa nzima: inapita bara kwanza, inasubiri huko, ndipo inarudi baharini, ukishuka, mama, miguu si yako. Ndiyo maana haji. Baba yake alipougua hakuja, na mazishini alifika watu wameshatawanyika.

Dada yake Bi Sindano aliwahi kuguna kwamba mbona wenzake wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Alikoma. "Wewe umepanda lini? Mwanangu ndiye anayepanda." Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa shingo upande.

Basi mjukuu akazaliwa, na Bi Sindano akasema liwalo na liwe. Alikata tiketi kimyakimya. Muuza tiketi akamwambia ni dakika arobaini tu, naye akamcheka moyoni. Muuzaji gani atakusimulia ubaya wa bidhaa yake? Akachemsha mayai, akayafunga kwa taulo nene, akajishonea mto wa shingo, akawaaga majirani kama mtu asiyerudi.

Ndege ilipopaa alivua viatu, akafumba macho ili aipunguze njia. Hata usingizi haujamkolea, mhudumu akamgusa bega.

"Mama, tunatua. Vaa viatu."

"Tunatua bara?"

"Bara tukafanye nini, mama? Tumefika."

Alitia mkono mfukoni, akayapapasa mayai. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hakudhani ni fupi namna hii. Ilimuuma, nisikufiche, ilimuuma kuliko msiba. Miaka yote hiyo alikuwa akiihurumia miguu ya mtu ambaye angeweza kuja kunywa chai kwa mama yake na kurudi kwake kulala.

Nje ya uwanja alikaa kwenye benchi, akapiga simu. Maneno alikuwa nayo, makali ya kukata turubai.

"Mwanangu, niko hapa kwenu. Uwanja wa ndege."

Upande wa pili wa simu alisikia kichanga kinalia, na sauti ya mwanamke ikikibembeleza.

"Umekuja kwa ndege, mama?" kijana aliuliza hatimaye, polepole, kama mtoto anayengoja kofi. "Safari… ilikuwaje?"

Bi Sindano akakisikiliza kile kilio. Akiyasema yale maneno, hayarudi tena mdomoni, na mlango wa mjukuu ulikuwa mikononi mwa mwongo huyu.

"Ndefu, baba," akasema. "Kutwa nzima. Mgongo sina. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Kijana akashusha pumzi. Hakuomba radhi, hakucheka. "Pole sana, mama. Nisubiri hapo hapo. Huku nako ni mbali kidogo, na barabara zetu unazijua, foleni. Naweza kuchelewa."

"Hakuna neno," Bi Sindano akasema. "Nitangoja."

Akakata simu, akafungua taulo, akamenya yai moja. Akalila peke yake, taratibu, huku mengine akiyafunika yasipoe.