Mzinga wa Kulia wa Opuodum

Kamba ya mwisho ilikuwa imeshatupwa, na Opuodum, chombo cha vita, ilikuwa imeshajaza hewa sketi yake ya mpira na kuinuka juu ya maji kama kuku anayeatamia aliyeguswa mkia, pale Dagogo aliposikia jina lake likipigiwa kelele kutoka gatini.

"Dagogo! Usije ukatungua kanisa!"

Walikuwa akina mama wauza konokono wa matopeni. Kicheko kikatambaa gati zima. Soboma, mpiga mzinga wa kushoto, akamgeukia mwenzake akicheka wazi.

"Leo wamekuhurumia, ndugu yangu. Juzi walisema utautungua mwezi."

"Wewe chunga upande wako," Dagogo akasema.

Chombo kikageuza omo, mapangaboi mawili ya nyuma yakaunguruma, na Buguma, mji wa Wakalabari, ikaanza kurudi nyuma: mapaa, mikoko, watoto waliokuwa wakikimbia juu ya matope. Opuodum haikujali kama chini ni maji au ni tope. Ilipita juu ya vyote kwa pumzi yake, mizinga miwili ikitazama mbinguni, na kila Mkalabari aliyekuwa gatini alisimama wima zaidi kidogo kuliko alivyozoea.

Walikuwa na haki. Zamani, mtu hakuitwa mkuu wa Nyumba, yaani ukoo, mpaka awe ameingiza majini mtumbwi wake wa vita, na watu wake wa kuupiga makasia. Mitumbwi ile ilikwisha, Nyumba zikabaki na majina. Basi Watu wa Majukwaa walipoanza kukaa kwenye mitambo ya mafuta iliyoachwa baharini, na kurusha droni zao kuzamisha meli za chakula, Nyumba za Buguma zilikaa kikao siku tatu, zikagombana siku mbili, na ya tatu zikakubaliana kujenga chombo kimoja cha kulinda meli dhidi ya vitu vya angani. Huyu akaleta chuma, yule mafundi, mwingine injini. Jina wakakipa Opuodum, yaani chatu mkubwa. Na kila mzinga ulikuwa wa Nyumba moja, iutunze na kuuwekea mtu.

Mzinga wa kulia ulikuwa wa Nyumba ya Oboada, na Dagogo alikuwa mtu wa Oboada. Hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Miaka mitatu kabla ya hapo alicheza kinyago uwanjani. Kucheza si kurusha miguu tu. Mpigaji anakaa na gogo lake lililochongwa tundu, anapiga jina la Nyumba moja au la babu fulani, jina la ngoma ambalo mdomo haulitamki, na wewe ndani ya kinyago, jasho linakuingia machoni, unatakiwa unyooshe panga lako kule kule anakokaa aliyetajwa. Ukipatia, bunduki zinalia na wanawake wanakuimba. Ukikosea, heri ungekuwa hujazaliwa mji ule.

Dagogo alizijua ngoma zote. Lakini siku ile, kupitia vitobo vya kinyago, aliona shingo za watu zimegeuka kushoto. Akaziamini shingo. Kumbe mama mmoja alikuwa amezirai kule, ndiye aliyekuwa akitazamwa. Gogo lilikuwa limemwita babu yake mwenyewe, Oboada, nyuma yake. Tangu hapo hata vijana walihudumiwa kinywaji kabla yake.

Nahodha Ibinabo ndiye aliyemwita chomboni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua nazi.

"Una mkono mzuri kuliko wote niliowajaribu," alimwambia. "Lakini wazee wa Nyumba nyingine wananisumbua. Nimewaahidi hivi: ukielekeza vibaya mara moja tu, unashuka. Na mzinga unakwenda kwa Nyumba nyingine. Oboada hawatakuwa na kitu majini tena. Umenielewa, kaka?"

"Nimekuelewa, nahodha."

"Basi lala vizuri."

Hakulala vizuri.

Nje ya mlango wa mto wakaungana na msafara: meli nne za mchele na dawa, na manowari mbili kubwa. Kamanda Ogbeide, mkuu wa msafara, akatazama kwa darubini, akaona sitahani mwa Opuodum mzee amekaa nyuma ya gogo lililofungwa kwa skrubu kwenye chuma cha chombo. Akashika redio.

"Nahodha Ibinabo, hiyo ni doria au harusi?"

"Harusi, Kamanda. Na wewe umealikwa, usije mikono mitupu."

Mzee mwenyewe, Alabo Fenibo, alisikia akatema mate baharini. "Mwambie bibi harusi ana meno."

Gogo halikuwa pambo. Ibinabo alikuwa ameligawa anga juu ya chombo kama uwanja wa Buguma: Nyumba zinazokaa mbele ya uwanja zilipewa anga la mbele, za nyuma anga la nyuma, na kadhalika. Makelele ya mapangaboi yalimeza sauti ya mtu, lakini pigo la gogo lilipita kwenye chuma likakuingia nyayoni. Wapiga mizinga wote walifanya kazi peku.

Asubuhi ya siku ya pili, walipokuwa wametoka kula onunu, viazi vikuu vilivyopondwa na ndizi, pamoja na samaki, vioo vya mitambo vikawa vyeupe. Visikilizio vikapiga mluzi. Mizinga, iliyokuwa ikijielekeza yenyewe, ikainamisha midomo kama mbuzi walionyeshewa. Watu wa Majukwaa walikuwa wameziba mawimbi.

"Mikono!" Ibinabo akapaza sauti, akaparamia mlingoti mwenyewe, darubini ikining'inia shingoni. Kutoka juu alimwashiria Fenibo kwa mkono, na Fenibo akapiga.

Nyumba ya Karibo. Kulia mbele, juu. Dagogo akazungusha gurudumu, akafyatua, droni moja ikapasuka kama papai. Akaitwa tena, nyuma. Akapatia. Akaitwa mbele. Akapatia. Akaanza kuhisi mwili wake umekuwa mwepesi.

Ndipo mashariki, kwenye jua, pakatokea wingu la droni. Ishirini, labda thelathini, zikimetameta. Kwenye meli za mchele mabaharia wakanyoosha vidole na kupiga mayowe. Manowari zote mbili zikageuza mizinga mashariki, zikaanza kumwaga moto. Mikono ya Dagogo nayo ilikuwa imeshaanza kugeuza gurudumu huko.

Gogo likampiga nyayoni: Nyumba ya Igonibo.

Igonibo wanakaa nyuma kulia mwa uwanja; kwa chombo kilivyokuwa kimeelekea, huko ni kusini magharibi. Akatazama huko. Hakuona kitu. Maji tu, ya kijivu, na mgongo wa meli ya mwisho ya mchele.

"Mashariki!" Soboma akabweka kutoka upande wa pili, akionyesha kwa mkono wake wote. "Mashariki, wee! Unaturudisha uwanjani tena? Mashariki, ng'ombe!"

Shingo zote za msafara zilikuwa zimegeukia mashariki. Dagogo akawaza jambo moja tu, kwamba akikosea hapa Oboada wamekwisha. Akafumba macho. Gogo likarudia, pole pole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa: Igonibo. Chini. Igonibo.

Akazungusha mzinga kusini magharibi, akaushusha hadi mdomo ukakaribia kugusa mawimbi, akafyatua kwenye maji matupu.

Maji yakalipuka. Moja, halafu ya pili. Zilikuwa zimepakwa rangi ya bahari, zikiruka kimo cha goti juu ya mawimbi, zikiilenga meli ya mwisho ubavuni. Akafumbua macho. Sasa aliziona zote, saba. Mwendeshaji akaipeleka Opuodum kati ya droni na meli, ikiteleza upandeupande juu ya povu, na Dagogo akazitungua mpaka ya saba, iliyoangukia karibu kiasi cha kuwamwagia maji ya moto miguuni.

Zile za mashariki, zilipodondoka, zilikuwa chambo tu, za karatasi na bati jembamba.

Soboma alikuja akasimama kando ya mzinga wa kulia.

"Ng'ombe ni mimi," akasema.

"Najua," Dagogo akamjibu, akakaa chini.

Redio iliporudi, Kamanda Ogbeide hakutania. "Nahodha, nani yuko kwenye mzinga wako wa kulia?"

Kwa Wakalabari mtu hatajwi peke yake katika jambo kama hilo. Ibinabo alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika meli zote sita:

"Oboada, Kamanda. Kwenye mzinga wa kulia yuko Oboada."

Mchele ulifika. Kamanda Ogbeide aliomba vyombo vingine vitatu kama Opuodum, akapewa viwili. Ibinabo alipandishwa cheo akawekwa ofisini, akakaa miezi minne, akaacha kazi, sasa anafuga samaki. Alabo Fenibo alikufa mwaka uliofuata kwa homa, na mwanawe akachukua gogo. Soboma alihamia Opobo kwa mkewe. Watu wa Majukwaa walidumu miaka sita zaidi, kisha wakagawanyika. Opuodum ilichoka injini baada ya safari sitini na moja, ikavutwa hadi Buguma, na iko pale kwenye matope. Dagogo alibaki kwenye mzinga wa kulia hadi safari ya mwisho. Sikio la kulia halisikii tena. Mzinga bado ni wa Oboada.