Utalima, Watakula Wengine

Ukoo wa Ndalahwa ulikuwa na jembe ambalo hakuna aliyelisifu wala kulitukana. Halikuwa jembe la dukani. Lilikuwa la kufuliwa kwa nyundo, zito, jeusi, mkia wake umepenya kichwa cha mpini ukatokeza upande wa pili. Halikushika kutu hata siku moja. Mvua ikikaribia lilitoka jasho, na shamba lililofunguliwa nalo lilizaa hata mwaka ambao majirani walichimba mizizi porini. Ila mtu aliyelipiga pigo la kwanza hakuyala mavuno yake. Alikufa nafaka ikiwa bado shambani, na ugonjwa wenyewe haukuwa na jina.

Sababu yake ilijulikana kwa wote. Ndalahwa wa kwanza alimwita mfua chuma, mtu wa kabila la Warongo wa ng'ambo ya ghuba, wakapatana malipo yatakuwa mtama. Mrongo akafua kiangazi chote. Mavuno yalipoingia, Ndalahwa aliyatazama ghalani, akaona hayatoshi kugawana na mgeni, akamfukuzia mbwa. Mfua chuma alisimama njiani, mke na watoto wakiwa nyuma yake, akasema, "Mimi nimefua, umekula wewe. Nawe utalima, watakula wengine." Akaenda zake.

Tangu hapo ukoo ulichinja mbuzi na kumwaga pombe kwenye kaburi la Ndalahwa, kumwomba awaondolee mzigo ule. Haikusaidia kitu. Utauliza kwa nini hawakulitupa ziwani. Ungeuliza hivyo kama hujawahi kuona njaa. Kila kizazi kilijua mwaka mbaya utakuja, na ukija, mtu mmoja atalishusha jembe ili nyumba nzima ipone.

Chenge wa ukoo huo alilishusha wakati mwanawe Maige bado mdogo. Maige alimkumbuka baba yake ameegemea ghala, anayatazama mahindi yakitoa mbelewele, anaomba maji. Alikuwa mdogo wa kutosha kuyala mahindi yale bila kuuliza, na alipokua hakupata namna ya kuyatapika.

Odeta, mama yake, alilificha jembe ndani ya nyasi za paa, asilitaje tena. Lingekaa huko kama si operesheni ya kuhamia vijijini. Mwaka sabini na nne watu wote wa mlimani, ukoo huo ukiwamo, waliambiwa washuke Nyamhela, kijiji kipya upande wa Misungwi, karibu na ghuba, nyumba zikipangwa kwa mstari. Mapaa yakafumuliwa ili miti ikatumike kule. Paa la Odeta lilipofumuliwa, jembe likaanguka miguuni mwa Maige.

Wakati huo Maige alikuwa katibu wa vijana, amemaliza darasa la saba, anaaminiwa na wakubwa. Mkewe Suzana alikuwa mjamzito. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimegoma, watu walikuwa wakila unga wa njano wa msaada, na redioni kila siku ilikuwa kilimo cha kufa na kupona. Masalu, mwenyekiti wa kijiji, akatangaza kwamba majembe yote yakusanywe bandani kwa ajili ya shamba la pamoja. Maige alilibeba lile jembe mchana kweupe, akalitupa juu ya mengine, akasema mbele ya vijana wenzake kwamba ushirikina umekwisha na sasa mali ni ya wote.

Vijana walimpigia makofi. Lakini Maige hakuwa mtu wa kujidanganya muda mrefu. Moyoni alijua alichofanya. Alikuwa amehesabu kwamba kitu cha wote hakina mrithi, na kama laana haina mrithi, haitaujua mlango wa Suzana. Ikimwangukia mtu mwingine, yeye hatakuwa ameitupa. Itakuwa imeanguka yenyewe.

Mama yake aliposikia hakumgombeza. Alishinda kutwa nzima bila kutia kitu mdomoni.

Siku ya kufungua shamba, ngoma ya kulimia ilianza jua likiwa bado changa. Watu waliingia bandani mmoja mmoja kuchukua majembe. Jembe la Ndalahwa lilikuwa limelala pale, limelowa jasho kati ya majembe makavu. Watu wa mlimani walilijua. Kila mmoja alilipita kana kwamba halipo, akachukua la jirani yake, akatoka akitazama chini. Mwenyekiti Masalu alilipita, Maige akalipita, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Wa mwisho kuingia alikuwa Bernadetta, Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kumlaza mtoto wake kivulini. Alilikuta jembe moja tu, akalichukua, akaja kusimama kwenye mstari, huku akijifutia kiganja kwenye kanga na kushangaa mbona chuma kimelowa.

Maige alimwona. Kati yao walikuwapo watu wachache tu. Akimwonya, itabidi aseme jembe ni la nani, na likishakuwa na mwenyewe litarudi nyumbani kwao. Mpiga ngoma alikuwa amekwisha kuinua mikono. Maige alisimama palepale, na jambo hilo halikumtoka maisha yake yote.

Aliyetoka kwenye mstari alikuwa Odeta. Alitembea bila haraka, akamfikia Bernadetta, akamnyooshea jembe lake jepesi.

"Mwalimu, tubadilishane. Hilo nimelizoea."

Bernadetta alimwamkia, akasema kwa upole kwamba hilo ni zito mno kwa mtu mzima. Masalu naye akapaza sauti kutoka upande wa pili, akamkumbusha Mama Maige kwamba hapa hakuna tena jembe la mtu.

"Hili ni la kwetu, mwenyekiti," Odeta alisema. "Niachie."

Akalichukua, na kabla ngoma haijalia alilipiga chini. Udongo ulifunguka kwa urahisi wa ajabu. Ndipo ngoma ikalia, na majembe ya kijiji kizima yakashuka pamoja. Maige, mtu wa ushirikina umekwisha, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mkavu, na wote waliomwona walielewa kwamba hakuwahi kuacha kuamini.

Jioni alimwendea mama yake akilia. Odeta alimwacha alie, kisha akamwambia anyamaze.

"Lini mimi nimelima nikala kwanza? Mwaka aliokufa baba yako nilikuwa nalamba chungu mkishashiba. Utalima, watakula wengine. Mwanamume ndiye aliyeona hiyo ni laana. Mimi sijihurumii. Ila mtoto wa Suzana asilirithi jembe hili. Hilo ndilo nakuomba."

Mvua zilinyesha vizuri na mahindi yakaota kwa nguvu. Watu walimpita Odeta wakiwa wameinamisha vichwa, maana walijua wanakuja kula nini. Mahindi yalipofika kiunoni, alianza kukaa chini kila baada ya hatua chache. Yalipoanza kutoa mbelewele, hakutoka tena nyumbani.

Suzana, ambaye hakuzaliwa mlimani, ndiye aliyeuliza. Alikuwa akimkanda mama mkwe wake miguu, akauliza kama mfua chuma alikuwa na watoto. Maige akasema ndiyo, walisimama nyuma yake siku ile. Suzana akauliza kama kuna aliyewahi kuwatafuta. Maige akasema hakuna. Mbuzi wote wale, na pombe yote ile, ukoo ulikuwa umempelekea mwenye kosa. Aliyekosewa hakupelekewa hata kibaba.

Kesho yake alivuka ghuba kwa mtumbwi. Aliulizia wafua chuma kutoka nyumba hadi nyumba upande wa Geita, mpaka akaelekezwa kwa bibi mmoja aliyeitwa Dorotea, mjukuu wa Mrongo yule. Alimwamkia, akapiga magoti, akaeleza yote bila kujitetea. Bibi alisikiliza akiwa ameshika tama.

"Babu aliingia kwenu na watoto watatu," alisema Maige alipomaliza. "Alivuka maji na mmoja. Huyo mmoja ndiye baba yangu." Kisha akamtazama Maige kwa muda. "Kumbe mlikuwa mnakufa. Sisi tulidhani mnakula tu."

Maige alimwomba aondoe laana. Dorotea akasema maneno yale si yake, babu alikwenda nayo kaburini, na yeye si mganga. Maige alikuwa amekwisha kusimama kuondoka, roho imekata tamaa, bibi alipomwambia amngoje achukue kitambaa chake cha kichwa. Alisema tangu azaliwe hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumkaribisha chakula.

Walifika Nyamhela mahindi yakiwa mabichi ya kuchemsha. Shamba lilikuwa la kijiji, na hakuna aliyeruhusiwa kuvunja hata bua kabla ya mavuno. Maige alikwenda kwa Masalu kuomba ruhusa. Masalu aliingia shambani mwenyewe, akavunja mahindi kutoka tuta la Odeta, akayaleta mikononi mpaka mlangoni, akayaweka chini na kuondoka bila kumtazama mtu usoni.

Odeta aliinuka mkekani. Haikujulikana nguvu alizitoa wapi. Aliyachemsha mahindi mwenyewe, akapiga magoti, akammiminia Dorotea maji ya kunawa. Dorotea alikula taratibu, kwa meno machache aliyobaki nayo, hakuacha punje. Suzana na Maige walisimama ukutani. Bibi alipomaliza alijifuta mdomo.

"Nimeshiba," alisema. "Kwa babu, na kwa wale wawili waliobaki njiani, nimeshiba."

"Na mwanangu, atakula alicholima?" Odeta aliuliza.

"Sijui, binti yangu. Mimi nilichoweza ni kushiba."

Odeta aliitikia kwa kichwa. Bibi alimmegea kipande cha hindi jingine, Odeta akakipokea kwa mikono miwili na kukishika, lakini hakikupita kooni. Alifariki kabla ya mavuno. Walimzika pembeni mwa shamba lile, na Bernadetta, ambaye sasa alikuwa ameambiwa kila kitu, alilia kuliko ndugu wa damu.

Kijiji kilivuna mahindi mengi ambayo mfano wake haujawahi kuonekana. Gunia la kwanza lilivushwa kwa Dorotea, na katika mkutano hakuna aliyenyoosha mkono kupinga.

Mwaka uliofuata, siku ya kufungua shamba, Maige aliingia bandani wa kwanza kabisa. Mwanawe alikuwa mgongoni kwa Suzana. Angeweza kulizika jembe lile, lakini kilichozikwa hufukuliwa njaa ikija, na mama alikuwa ameomba mtoto asilirithi. Ilipasa mtu ajue kama laana imekwisha. Akalipiga pigo la kwanza, mbele ya wote.

Kisha akangoja. Mahindi yalifika kiunoni. Yakatoa mbelewele. Kila asubuhi Suzana alimgusa paji la uso kabla ya kuwasha moto. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapurwa, gunia la kwanza likavuka maji, na unga wa kwanza ukaletwa nyumbani.

Suzana alitenga ugali na mlenda, akakaa kando, hakuweza kumtazama. Maige alimega tonge, akatafuna muda mrefu, akameza. Nje watu waliendelea kupura mahindi. Akamega la pili. Hapo machozi yakamshuka mpaka kwenye chakula, kwa kuwa mbegu ya mahindi yale ilitoka kwenye tuta la mama yake, na mama yake hakuionja. Mtoto alinyoosha mkono akitaka. Maige alirudisha chini tonge alilokuwa amelishika, akampa yeye kwanza.