Benchi la Bibi Asteria

Mgeni njoo, mwenyeji akose pa kukaa. Ndivyo ilivyokuwa Maganzo, nyumbani kwa Ngassa, dalali wa almasi, siku tatu kabla ya wakwe kufika kutoka Mhunze kupanga mahari ya binti yake, Loveness.

Noela, msanifu aliyeichora nyumba ile, alikuta makochi mekundu yamejaa uani. Sebuleni, fundi Amosi ameinua nyundo mbele ya benchi la matofali chini ya dirisha.

"Amosi, ngoja!"

"Dada, lisipovunjwa, makochi hayaenei."

Noela hakuamini fenicha inayoletwa rangi ikishakauka; kwake, kiti huchorwa pamoja na nyumba. Kabla ya kuchora alishinda kutwa na Bibi Asteria, mama yake Ngassa, akampima kutoka sakafuni hadi goti, hadi jicho. Magoti ya bibi yalishagoma; kiti laini kilimmeza. Basi benchi likajengwa kwa kimo cha goti lake, dirisha likashushwa usawa wa jicho lake, ili akae awaone ng'ombe wake zizini.

"Baba Loveness, mama atakaa wapi?" Noela alimuuliza Ngassa, aliyekuwa akisimamia kazi.

Ngassa akacheka. "Injinia, wakwe niwakalishe kwenye tofali? Mhunze nzima itanicheka! Halafu hilo dirisha lako, mtu anakunywa soda huku anatazama mavi."

"Acha, mwanangu," Bibi Asteria alimwambia Noela, ameegemea fimbo yake. "Nyumba ni yake. Nitakaa jikoni."

"Jikoni hakuna dirisha la chini, bibi."

"Najua."

Noela akasimama mbele ya benchi na michoro yake mkononi. Mchoro ulikuwa wake; nyumba haikuwa yake. Ngassa akampa Amosi ishara, nyundo ikatua kando ya sketi ya Noela. Tofali la pili lilipomwangukia mguuni, alisogea.

Kochi likaingizwa, mgongo wake ukaziba dirisha. Ngassa akamkalisha mama yake. Bibi akazama, fimbo ikamponyoka, akabaki anatazama dari. Ilibidi Noela na Amosi wamvute kila mmoja mkono wake.

"Umemzika mama yako akiwa hai," Noela alisema.

Amosi akainama. Ngassa akakaza sauti: "Unanitukana mbele ya mzazi wangu? Niombe radhi, sasa hivi."

Bibi Asteria akamfinya Noela kiganja. "Omba, mwanangu, yaishe."

"Shikamoo yangu unayo, bibi, na magoti nitakupigia. Huyu simwombi radhi."