Picha Mbili za Saumu Idrisa

Wazee wa kijiji cha Mtae husema jina halizikwi. Kwa hiyo Bi Saumu binti Idrisa alipozaa mtoto wa kiume alimwita Idrisa, jina la baba yake, na huyo Idrisa alipopata binti akamwita Saumu, jina la mama yake. Ukoo ukawa unazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Bibi na mjukuu wakawa Saumu Idrisa wote wawili, wakaitana wake wenza, wakigombea mume aliyekuwa kaburini tangu zamani.

Mwaka huu mke mdogo, yule mjukuu, ndiye aliyetangulia. Alikuwa akichuma chai huko Bulwa, akajifungua, homa ikampanda, na kabla bibi hajamaliza kuteremka milima ya kwao aipande ile mingine, walikwisha kumzika. Simu ya marehemu ilitoweka pamoja na baba wa mtoto. Bi Saumu husema kati ya vile viwili, cha maana kilikuwa simu. Alichorudi nacho Mtae ni kichanga mgongoni, jina lake Hadija, ambaye siku moja angeuliza mama yake alikuwa na sura gani.

Idrisa, baba wa marehemu, naye alikwisha kulala mchangani, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja. Ilikuwapo moja tu, Lushoto mjini, kwa Sharifu wa steshenari, aliyompiga yule binti alipomaliza shule. Bi Saumu akamfunga Hadija mgongoni, akapanda basi, akashuka mjini ukungu ukiwa bado umelalia mapaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umenenepa. Nani anakupikia, nami niko Mtae?"

Sharifu alicheka, akamvutia kiti, akampa pole ya msiba. Kisha akaigeuza kompyuta ili bibi aone, maana alikuwa na jambo la kujivunia. Alieleza kwamba ile sehemu ya kutunzia mafaili inayokuja na kompyuta ni kama nyumba uliyokabidhiwa bila rafu wala misumari ya kutundikia. Yeye ameiongezea vyombo vyake kutoka mtandaoni. Kimoja kinafungua folda nyingi ubavu kwa ubavu, kingine kinaonyesha picha kabla hujaifungua, na kuna kinachobatiza mafaili mia majina mapya kwa mkupuo. Bi Saumu alisema hiyo si kompyuta tena, ni bibi harusi, kilichobaki ni hina tu.

Sharifu akaandika jina. Ikaja picha moja. Alikuwa Bi Saumu mwenyewe, alivyopigwa mwaka jana kwa ajili ya kitambulisho, uso ameukunja kama aliyetafuna ndulele.

"Huyo mke mkubwa," akasema. "Nipe mdogo."

Sharifu akafungua folda ya mwaka ule wa shule. Ilikuwa imepungua. Mkono wake ukatulia juu ya kipanya, na Bi Saumu, aliyewahi kuangalia watu wengi wakitafuta maneno, akajua.

Aliyasema polepole, macho yakiwa kwenye vitufe. Kompyuta ilikuwa imejaa. Miongoni mwa vile vyombo kimo kimoja cha kuwinda mafaili pacha na kuyafuta. Kingeweza kuchungulia ndani ya kila picha, lakini kwa mashine ile kongwe kingekesha, basi akakiambia kilinganishe majina tu. Yakifanana, kiache faili jipya, kitupe la zamani. Kisha akamwaga na kapu la taka, nafasi ipatikane.

Na huyo alikuwa mtu wa milima hiihii, anayeitwa Sharifu kwa sababu babu yake aliitwa Sharifu.

"Kikawakuta Saumu Idrisa wawili," alisema Bi Saumu.

"Ndiyo, bibi."

"Kikabakiza mpya."

"Ndiyo."

"Na mpya ni mimi."

Bi Saumu alicheka kidogo, cheko lisilofika machoni.

"Usikilaumu. Kimefuata mfano wa mauti."

Sharifu alileta chombo kingine, cha kufukua vilivyofutwa, akafukua mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Vilitoka vipande: mistari ya kijivu, bega la shati jeupe la shule, nusu ya sikio. Sikio la nani, hakuna aliyeweza kuapa.

Ndipo Bi Saumu alipoomba achapiwe ile yake. Watu wote wa Mtae walikuwa wakisema mke mdogo kaiba macho na paji la uso la mke mkubwa. Sharifu, kwa kutaka kufidia, akaanza kuyafuta makunyanzi kwenye kioo, moja baada ya jingine, mashavu yakajaa, ngozi ikang'aa. Akatokea mwanamke ambaye hakuwahi kuishi popote.

"Mrudishe," akasema Bi Saumu. "Huyo simjui."

Ikachapwa na makunyanzi yake. Barazani, basi la kurudi likisubiriwa, alimgeuza Hadija akampakata, akaishika picha mbele yake, na kwa kidole gumba akaufunika mdomo na mashavu. Yakabaki macho na paji. Kwa mbali, ukungu uliorudi ukisaidia, alikuwa mke mdogo.

"Mama huyo," alisema.

Mtoto alitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akakishika kile kidole gumba na kukivuta.