Lenzi Mbili za Daktari Waliaula

Daktari Waliaula aliweka lenzi mbili juu ya kaunta ya studio ya picha, akamwambia Wahu, mwenye studio, achague moja. Daktari alikuwa amehamishiwa Nakuru. Kesho yake saa tisa angepita kuchukua itakayobaki, ampelekee ndugu yake.

"Ni shukrani kwa zile picha za watoto wangu," alisema. "Lakini si zote mbili, Mama."

Zote zilikuwa za milimita themanini na tano, zinazofaa kupigia picha za sura. Tundu la moja lilifunguka hadi 2.8, la nyingine hadi 1.8; namba ikipungua tundu hupanuka, hivyo hii ya pili iliingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Jumamosi Wahu angepiga picha za harusi kwa mara ya kwanza, katika kanisa la Nyamasaria lenye madirisha membamba, na mchungaji wa pale hakutaka flashi. Lenzi yake kuukuu ingewatoa maharusi kama vivuli, na baada ya hapo nani angemwita tena?

Asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Oduor, amevaa suti, akitaka picha ya kuwapelekea wakwe, mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria. Wahu aliifungua ile ya 1.8 hadi mwisho. Picha ilipotoka kwenye dawa, uso ulikuwa hai, kope kwa kope. Nusura apige vigelegele.

Oduor aliikodolea macho. "Mama, ndege yangu imeenda wapi?"

"Iko nyuma yako."

"Nyuma yangu ni moshi. Wakwe watasema nilipigiwa picha jikoni."

Mathenge, mume wa Wahu, alicheka hadi akashika meza. "Mama Mureithi, rudisha hiyo. Chukua ile nyingine, watu wapate ndege yao."

Wahu alimsogeza Oduor karibu na pazia, akawasha taa zote, akaibana lenzi ileile hadi 8, ili tundu dogo lioneshe na vya nyuma. Safari hii ndege ilitoka na madirisha yake yote.

"Hii hubanika nikitaka," alimwambia mumewe. "Ile haifunguki kupita 2.8 hata niibembeleze. Lakini bado sijaamua. Twende kanisani."

Kanisani alimfanya Mathenge bibi harusi, atembee kutoka mlangoni. Dorca, mfagiaji, aliegemea ufagio wake.

"Bibi harusi wenu ana ndevu."

"Hizo zinaongeza mahari," Mathenge akajibu.

Wahu alimpiga kwa lenzi zote mbili. Kwa ile ya 2.8 ilimbidi apunguze kasi ya kamera ili mwanga utoshe. Walipozisafisha negativu studioni, katika zile za 2.8 Mathenge, aliyekuwa akitembea, alitoka na pua mbili. Kwa ile ya 1.8 alikuwa na moja, na ndevu zingeweza kuhesabika. Dorca tu, aliyesimama hatua moja nyuma yake, ndiye aliyekuwa ukungu. Basi maharusi wangesimama bega kwa bega, ili wote wawili watoke wazi. Hilo lilihitaji maelezo, si lenzi nyingine.

Daktari alipofika, alikuta ile ya 2.8 imekwisha kufungwa kwenye kifuko chake.

"Hutaki kufikiri kidogo?"

"Nimekwisha kupima, Daktari."

Gari lake lilikuwa halijakata kona Wahu alipofunga studio, kamera shingoni, akaenda mbiombio kwa Magdalene, bibi harusi wa Jumamosi, kumfundisha namna ya kusimama na bwana harusi.