Mgeni Asimkute Mama Amelala

Mama yangu alitulea kwa sheria nyingi, na iliyokuwa kali kuliko zote ni hii: mgeni asikukute umelala. Hata kama una homa, ukisikia hodi unanyanyuka, unakaa, unasalimia. Kwetu Mbulumbulu hiyo ndiyo adabu, na mama ndiye aliyekuwa mwalimu wake mkuu. Sheria hiyohiyo ndiyo inayommaliza sasa, na nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Kiharusi kilimpata akichambua maharage. Hasemi tena, hawezi kujigeuza, shingo haishiki kichwa. Lakini akili yake iko palepale. Anafuata mazungumzo kwa macho, na ukisema la kipuuzi anakukazia macho mpaka uone haya. Kulala huko kumemchimba kidonda mgongoni, mfupa unaonekana. Daktari wa Karatu alisema apelekwe hospitali kubwa Moshi akafanyiwe upasuaji, tena apelekwe amelala, kwenye gari la wagonjwa lenye machela na muuguzi.

"Ukimkalisha kwenye gari la kawaida kwa mashimo ya huko kwenu, Yohani, utafikisha maiti," aliniambia.

Mimi ni dereva wa watalii, na bima ya kazini inamhusu mama pia. Gari la wagonjwa wanalilipia, ila kwanza afisa wao aje nyumbani, aone kwa macho yake kwamba mgonjwa hawezi kukaa. Nikasema afadhali aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku aliyokuja nilikuwa nimeshuka kreta ya Ngorongoro na wageni. Tulipopanda hadi ukingoni mtandao ukarudi, simu ikaita. Alikuwa dada yangu Selestina, anayemuuguza mama, furaha imemjaa sautini.

"Kaka, tumempokea vizuri! Tumechinja jogoo. Kijana mpole, anaitwa Nelson. Na mama alivyopendeza! Nilimvalisha sweta lake la Pasaka, nikamkalisha kwenye kiti cha baba..."

"Umemkalisha?"

"Si mgeni alikuwa anakuja?"

"Selestina, mama anakaaje?"

"Nilimfunga na khanga kifuani, nikaikaza nyuma ya kiti. Kichwa nikakiegemeza kwenye mto. Sweta likafunika. Mwenyewe alitaka, kaka. Nilipomwambia kuna mgeni aliitazama khanga mpaka nikaelewa."

Nikasimamisha gari, nikazima injini. Wageni wangu wakauliza kama nimeona simba.

Jibu la bima lilikuja kwa ujumbe wa simu: mgonjwa anamudu kukaa, gari la machela halikukubaliwa. Wiki hiyohiyo mzee mmoja niliyekuwa nikimtembeza aliteguka kifundo cha mguu akishuka garini, na bima ya kwao ikamletea ndege. Nilimbebea begi hadi kwenye ngazi, nikamtakia safari njema. Moyoni nilimchukia, ingawa alikuwa mzee wa watu asiye na kosa.

Nikaenda ofisi ya bima yetu, Karatu mjini. Nelson alinyanyuka akanipa kiti.

"Mama alikuwa amefungwa na khanga!" nilimwambia kabla sijakaa.

"Kaka, ningejuaje? Nilimuuliza dada mgonjwa anaendeleaje, akasema anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Wewe ukiulizwa unajibuje?"

Akainamisha kichwa. "Hivyohivyo." Kisha akasema taratibu, "Na lile sweta, kaka. Nimfunue mama wa watu mbele ya binti yake?"

Hapo ndipo nilipokaa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mbaya, nikamkuta kijana aliyelelewa kama mimi. Aliahidi kuja tena, ila bila kutoa taarifa, maana ndivyo utaratibu unavyotaka. "Safari hii msimkalishe," alisema. "Nimkute alivyo."

Nelson alihamishwa kabla hajaja. Aliyeshika nafasi yake anasema tusubiri, afisa atafika siku yoyote. Basi tunasubiri. Na kwa kuwa kila hodi inaweza kuwa ya bima, mama hakalishwi tena.

Khanga inaning'inia msumarini karibu na mlango. Hodi ikipigwa, mama anaitazama, anamtazama Selestina, anaitazama tena. "Hapana, aayo," Selestina anamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. "Leo lala tu." Anaingia katekista, wanaingia akina mama wa jumuiya, wanamsalimia amelala ubavu huku harufu ya kidonda imejaa chumbani. Siku za kwanza alikuwa analia. Sasa anafumba macho mpaka mgeni aondoke.

Sina tumaini, wala sitajifanya ninalo. Kidonda kinazidi kwenda ndani, mvua zimeanza kuikata barabara, na kila ninapopiga simu naambiwa taarifa iliyopo inasema mgonjwa anakaa.

Jumapili nilirudi kutoka Ngorongoro, nikabisha hodi kwa mazoea, nikaingia. Blanketi lilikuwa likipanda na kushuka, macho ameyafumba. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono.

"Ni mimi, aayo. Ni Yohani. Si mgeni."

Hakuyafumbua.